Mshale wa spidi umelala, lakini mjumbe hauawi

Ukipita kwenye gereji za Dodoma mjini asubuhi, iwe Majengo au Kizota, hutakosa kukuta Prado au Land Cruiser mkonga imefunguliwa dashibodi na dereva amesimama pembeni, mikono kiunoni. Muulize gari lina nini. Atakujibu kwa neno moja: "Sensa." Siku hizi neno hilo limechukua nafasi ya uchawi. Injini ikikosa nguvu ni sensa, gea zikichelewa ni sensa, na mshale wa spidi ukilala sifuri ndiyo kabisa, hata mjadala haupo. Unanunua, unafungiwa, unalipa, unaondoka. Na mara nyingi unaondoka mshale ukiwa umelala palepale.

Somo hili nimelilipia kwa pesa yangu. Nilikuwa natoka Kwa Mtoro narudi mjini kupitia Chemba, na Prado ya zamani, ile yenye sensa ya spidi kwenye transfa, boksi la gea linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma. Mvua zilikuwa zimekatika. Nikavuka korongo ambalo maji yake yalishapita yakaacha mchanga na matawi ya migunga. Nikasikia kitu kinakwaruza chini, nikajisemea ni tawi tu, nikaendelea. Kilomita chache mbele mshale ukaanza kutetemeka, ukaanguka, haukuinuka tena. Gereji ya kwanza niliyoingia walinifungia sensa mpya bila kupima chochote. Wapi. Wakafunga nyingine ya mtumba, wakiapa kwamba imetoka kwenye gari zima. Wapi. Siku ya tatu fundi umeme mmoja mzee alilala chini ya gari kama dakika kumi, akaibuka ameshika kipande cha waya kilichokatikia ndani ya ganda lake. Akacheka. "Kijana, mjumbe hauawi. Wewe umemuua bure, tena mara mbili."

Sensa kweli ni mjumbe. Inachukua habari ya mzunguko kwenye gea na kuipeleka juu. Habari isipofika, kosa laweza kuwa la mjumbe mwenyewe, la njia aliyopita, la aliyemtuma, au la anayepokea. Ukitaka kujua ni nani, shika njia yote kuanzia chini.

Kutoka tairi hadi mshale

Nianze na magari ya kebo, maana bado yapo mengi huku kwetu: Land Rover 110 za zamani na Land Cruiser za miaka ya 1980. Humo hamna sensa kabisa. Kuna waya wa chuma uliosokotwa unaozunguka ndani ya ganda lake. Ncha ya chini imeshikwa na kigia kidogo kinachozungushwa na transfa au gea boksi. Ncha ya juu inazungusha sumaku nyuma ya mshale. Sumaku hiyo imefunikwa na kikombe chepesi cha alumini kisichogusana nayo. Inapozunguka inakikokota kikombe kwa nguvu zake, springi nyembamba inakizuia, na mshale uliobanwa kwenye kikombe unasimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Ni ufundi mzuri mno, na hauhitaji umeme hata kidogo. Kebo ikikauka, mshale unacheza ngoma na unasikia mlio kama wa ndege nyuma ya dashibodi. Ikikatika, mshale unalala. Ichomoe kebo nyuma ya spidomita, sukuma gari hatua chache, tazama kama ncha inazunguka. Haizunguki? Ama waya umekatika ama kigia cha chini kimeisha meno. Ukibadilisha waya, upake grisi kidogo, ila ncha ya juu iache kavu, kwa sababu grisi hupanda hadi kwenye kikombe na kukwamisha mshale.

Magari yaliyofuata yalikiacha kigia kilekile pale chini lakini yakakata kebo. Badala yake kigia kinazungusha kijiti kifupi chenye sumaku ya mviringo ndani ya sensa. Kila ncha ya sumaku inapopita, umeme kwenye waya wa ishara unapanda na kushuka: pigo moja. Mshale hauoni kasi, unahesabu mapigo. Kwenye kiwango cha Kijapani kinachotumiwa na Toyota nyingi, kijiti kinazunguka mara 637 kwa kila kilomita. Sensa ikiwa ya mapigo manne kwa mzunguko, hayo ni mapigo 2,548 kwa kilomita. Ukienda kilomita 60 kwa saa, dashibodi inapokea mapigo 42 na ushei kila sekunde. Namba hizi zikumbuke, tutazirudia.

Sasa fundo lenyewe. Wengi wanadhani sensa inazungumza na kila mtu: na mshale, na kompyuta ya injini, na kompyuta ya gea. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 sivyo. Mapigo yanakwenda kwanza dashibodi, na dashibodi ndiyo inayoyagawa kwa wengine. Kwa hiyo dashibodi ikiugua, kompyuta ya injini nayo haipati habari ya mwendo, na fundi akichomeka mashine ya kusoma makosa anasomewa msimbo P0500. Msimbo huo huwa unatafsiriwa gerejini kwa kifupi, "sensa ya spidi imekufa." Kompyuta haikusema hivyo. Imesema habari ya mwendo haifiki kwangu. Inakokatikia haijui, na wewe bado hujui.

Halafu kuna kizazi cha baadaye, kama Prado 120 iliyotoka mwaka 2002, ambamo kwenye gari nyingi sensa ya transfa haipo tena. Mwendo unapimwa na sensa za ABS, yaani za breki zinazozuia tairi kujifunga, kwenye kila tairi, kompyuta ya breki inazikusanya, kisha inaipa dashibodi hesabu. Nimemwona mtu akitafuta sensa ya spidi chini ya transfa ya gari la aina hiyo nusu siku nzima. Alikuwa anatafuta nyumba katika kijiji ambacho hakikujengwa. Kwenye gari hizo, mshale ukilala taa ya ABS nayo huwaka, na mashine ya kupimia inataja tairi: C0200 ni mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia, C0215 nyuma kushoto.

Kabla hujashika spana

Kaa kwenye kiti cha dereva na uliza maswali. Je, mishale ya mafuta na ya joto inafanya kazi? Kama yote imelala pamoja na wa spidi, usishuke chini ya gari. Fungua boksi la fyuzi. Je, namba za kilomita zinaendelea kuhesabu huku mshale umelala? Basi mapigo yanafika, sensa ni nzima, na ugonjwa uko kwenye mshale wenyewe au mota yake ndogo. Namba nazo zimesimama? Hapo habari haifiki, au dashibodi haiipokei.

Gari likiwa otomatiki, sikiliza gea. Mwendo usipojulikana, gea zinaweza kubadilika kwa kishindo, au gea ya mwisho isiingie, na kwenye Toyota nyingi taa ya O/D, ya hiyo gea ya mwisho, inamweka. Lakini usitoe hukumu kwa kuwa gea ni laini: baadhi ya otomatiki hizo zina sensa mbili, moja ya gea boksi na moja ya spidomita, na ya kwanza inaweza kuwa salama kabisa ilhali ya pili imekufa. Dalili nyingine watu hawaiunganishi na spidi: injini kuzima unaposimama kwenye taa za barabarani au tuta. Kompyuta ya injini hutumia habari ya mwendo kupanga mzunguko wa injini gari linapopunguza kasi, na isipoipata inababaika.

Ukiwa na mashine ya kusoma makosa, hata ile ndogo ya kuunganisha na simu, tazama mwendo unaosomwa papo hapo gari likitembea. Mashine ikionyesha 40 wakati mshale uko sifuri, mwache mjumbe kwa amani. Mashine nayo ikionyesha sifuri, bado hujamtia hatiani, kwa ile sababu ya mgawo wa dashibodi.

Chini ya gari

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa inapookolewa.

Zana ni chache: mita ya umeme ya bei yoyote, sindano ya kushonea, taa, na turubai la kulalia, maana ardhi ya Dodoma haina huruma na mgongo. Sensa ya transfa iko nyuma, karibu na propela inapotokea, imebanwa kwa bolti moja au kwa nati kubwa, na soketi yake huwa ya waya tatu. Waya wa kwanza unaleta moto kwenye sensa, kwenye Toyota nyingi volti 12. Wa pili ni wa ethi, unaorudisha umeme kwenye chasi. Wa tatu ni wa ishara.

Chomoa soketi, fungua swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, injini usiwashe. Pima kwenye soketi upande wa gari. Moto na ethi vikisoma karibu volti za betri, sensa inalishwa. Moto ukikosekana, fuata fyuzi. Moto upo kwa kupima na chasi, lakini ukipima na waya wa ethi wa soketi haupo, ethi imekatika, na ethi ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kisha pima waya wa ishara. Kwenye gari nyingi za Toyota dashibodi yenyewe inausukumia waya huu volti kiasi, 5 au zaidi, na kazi ya sensa ni kuzikata na kuziachia kwa mapigo. Ukikuta volti hizo, njia kutoka dashibodi hadi hapo ulipolala ni nzima. Ukikuta sifuri, ama waya umekatika katikati ama dashibodi haitumi. Prado yangu ilisoma sifuri. Kipimo cha nusu dakika kingeniokolea sensa mbili.

Volti zote zikiwepo, sasa ndiyo zamu ya sensa. Njia salama ni kuifungua kwenye transfa na kuizungusha kwa mkono. Weka kopo chini, oili kidogo itadondoka. Irudishie soketi yake, chomeka sindano kwa nyuma ya soketi kwenye waya wa ishara, mita ishike sindano na chasi, kisha zungusha kigia kwa vidole taratibu. Volti zinapaswa kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mara nne kwa mzunguko kwenye sensa ya mapigo manne. Zikiganda mahali pamoja, juu au chini, basi huyo mjumbe kweli amekufa, na sasa unaweza kununua nyingine kwa roho safi. Mafundi wengine hukishika kijiti kwa drili badala ya vidole. Kwa hesabu ya mizunguko 637, drili ikizunguka mara 637 kwa dakika mshale utasimama kwenye 60, na hapo umeipima njia nzima kwa mkupuo mmoja.

Wakati sensa iko mkononi, tazama kigia cha plastiki. Meno yakiwa yameliwa, au kigia kinateleza kwenye kijiti chake, sensa mpya haitabadilisha kitu. Badilisha kigia, na kiwe na idadi ileile ya meno. Jino moja likizidi au kupungua, mshale utasema uongo kila siku. Badilisha na oringi, ni kitu cha bei ndogo, na ndiyo inayozuia oili ya transfa isipande ndani ya soketi.

Usimsikilize anayekwambia unyanyue tairi moja kwa jeki, uwashe gari na kuingiza gea ili "tuone mshale." Prado na Land Cruiser nyingi zinasukuma tairi zote nne wakati wote. Tairi moja hewani, tatu ardhini, na jeki inakuwa kitu cha kurukwa. Ukihitaji kuzungusha tairi, zungusha kwa mkono, gea iwe fri, gari limekaa kwenye stendi na tairi zilizobaki zimezuiwa kwa mawe.

Sensa za ABS zina tabia yake. Zile za zamani zenye waya mbili ni koili na sumaku tu, na zinatoa umeme wenyewe meno ya chuma yanapopita mbele yake. Hizo unaweza kuzipima kwa omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Mara nyingi utasoma kilo-omu moja na ushei. Usijisumbue sana na namba kamili, pima ya kushoto, pima ya kulia, linganisha. Ikiwa moja haisomi kabisa, umeipata. Za kisasa zina kifaa cha elektroniki ndani, na omu hazitakwambia chochote cha maana. Hizo mashine ndiyo inazisoma vizuri, tairi moja baada ya nyingine, gari likitembea polepole.

Vumbi, miiba na panya

Sensa zinakufa, sikatai. Joto na mtikisiko vinazimaliza. Lakini Kanda ya Kati ina wauaji wake. Vumbi la kiangazi likichanganyika na oili inayovuja linakuwa uji mzito ndani ya soketi. Unga wa chuma kutoka kwenye breki unavutwa na sumaku ya sensa ya ABS, unaota kama ndevu, na nafasi kati ya sensa na meno inajaa. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: mshale unafanya kazi ukikimbia, lakini ukipunguza mwendo unaanguka kabla ya wakati, kwa sababu sensa ya koili hutoa umeme kidogo tairi likizunguka polepole, na uchafu umeupunguza zaidi. Toa sensa, isafishe kwa kitambaa, usiikwangue kwa bisibisi.

Tope zito la mbuga kule Bahi likikauka kwenye waya linauvuta kama kamba kila gari linaporuka shimo. Miiba na visiki vinachana. Baada ya mavuno, wakati magunia yamewekwa uani na gari linalala kando yake, panya wanapanda kwenye joto la injini na kutafuna ganda la waya. Mwaka mmoja jirani yangu alilaumu sensa, akalaumu fundi, akalaumu hata aliyemuuzia gari. Kinyesi cha panya kilikuwa juu ya betri muda wote huo.

Waya uliokatika usiuviringishe kwa vidole na kuufunga tepu. Utashika hadi Chamwino, kisha utaachia. Kata hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Ukikuta imekuwa nyeusi au ya kijani, endelea kukata, kutu hutembea ndani ya ganda. Unganisha kipande kipya kwa solda, funika kwa mpira unaobana ukipashwa moto, kisha uufunge waya kwenye chasi mbali na ekzosi na propela, ukiachia ulegevu kidogo. Waya uliovutwa kama uzi wa gitaa utakatika tena palepale. Ukishafuta msimbo kwenye kompyuta, endesha; msimbo usiporudi, umemaliza.

Na kama njia yote ni nzima, sensa inapiga mapigo, volti zinafika hadi soketi ya dashibodi, basi fungua dashibodi. Kwenye gari la miaka 20 na zaidi solda nyuma ya bodi hupata nyufa ndogo kama za udongo mkavu. Fundi redio mzuri anaziona kwa kioo cha kukuzia na kuzichoma upya mchana mmoja. Dalili ya nyufa ni mshale unaoamka ukigonga dashibodi kwa kiganja.

Mshale unaosema uongo

Kuna wanaokuja na malalamiko ya sensa ilhali hakuna kilichoharibika, wamebadilisha tairi. Tairi ya 265/70R16 ina kipenyo cha milimita 777 hivi. Ukipanda hadi 285/75R16, kipenyo kinakuwa karibu 834. Kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi kwa asilimia 7, lakini transfa haijui. Mshale ukisoma 50 kwenye eneo la makazi, wewe uko kwenye 53 na nusu, na tochi ya trafiki itaona ya kwake. "Afande, mshale wangu" ni utetezi ambao sijawahi kuona ukifaulu. Namba za kilomita nazo zinahesabu pungufu, kwa hiyo unapitisha muda wa kumwaga oili bila kujua, na gari la mradi linaonekana linakunywa mafuta kuliko safari zake.

Kujaribu, toka mjini uelekee Morogoro, ukishapita Ihumwa tafuta kipande kilichonyooka kisicho na makazi. Shikilia mshale kwenye 60 na mwenzako ashike saa ya simu. Soma namba kwenye nguzo za kilomita za pembeni mwa barabara: zikipishana kilomita tano, unapaswa kutumia dakika tano. Ukitumia dakika tano na robo usihangaike, watengenezaji huufanya mshale usome juu kidogo ya mwendo halisi. Ukitumia dakika nne na nusu, angalia tairi zako na idadi ya meno ya kigia.

Prado yangu ilitumia dakika tano na sekunde kumi na mbili, ikiwa na sensa ileile iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Yule mzee alikuwa ameiokota kwenye ndoo ya vyuma chakavu gerejini nilikoibadilishia, akaifuta kwa petroli na kuirudisha mahali pake. Zile mbili nilizonunua ziko kwenye droo ya gari, na mpaka leo sijapata wa kumuuzia.